Mkaguzi wa Kampuni au wa Serikali: Dola 5.60 Zako Zinanunua Nini?

Kila tiketi ya ndege inayoanzia uwanja wa Marekani ina dola 5.60 ambazo msafiri huzilipa bila kuulizwa. Si nauli, wala si ya mafuta. Ni ada ya ukaguzi: inamlipa yule anayekuambia utoe kompyuta kwenye begi, yule anayetazama eksrei, na yule anayekupapasa mashine ikilia. Kwenda na kurudi ndani ya nchi hiyo ni dola 11.20. Familia ya watu watano inayotoka Kansas City kwenda harusini Seattle na kurudi imeshatoa dola 56 kabla hata baba hajavua mkanda.

Huduma hiyo ina wauzaji wa aina mbili. Kwenye viwanja zaidi ya 400 wakaguzi ni waajiriwa wa serikali kuu, chini ya mamlaka ya usalama wa usafiri inayojulikana zaidi kwa herufi zake, TSA. Kwenye viwanja 20 hivi ni watu wa kampuni binafsi iliyoshinda zabuni. Uwanja mkubwa kuliko vyote katika kundi hili la pili ni San Francisco. Kansas City nao umo, pamoja na Rochester wa jimbo la New York, Sarasota na Orlando Sanford kule Florida, Jackson Hole wa Wyoming, Bozeman na vingine vidogo vya Montana.

Wanasiasa wa Washington wamebishana miaka 20 na ushee kuhusu upande upi ni bora. Hapa tunauliza la mnunuzi tu: upi unakupunguzia gharama, na je, inafaa kubadili uwanja kwa ajili yake?

Kwa mwenye haraka: ada haibadiliki hata senti. San Francisco, kwa kampuni, ni dola 5.60. Oakland, ng'ambo ya ghuba, kwa serikali, ni dola 5.60. Ni kama mwenye nyumba kubadilisha mlinzi wa getini; kodi yako ya mwezi inabaki pale pale. Zinazobadilika ni gharama ambazo hazikuandikwa kwenye tiketi: muda wa foleni, nani utamdai begi likivunjwa, na nini kitatokea siku serikali ikikosa bajeti. Humo ndimo tofauti ilimo, na humo ndimo watu wanauziwa vitu wasivyovihitaji.

Mlinzi wa bei ya chini

Kabla ya mashambulizi ya Septemba 2001 ukaguzi wa Marekani nzima ulikuwa wa kampuni. Waliolipa ni mashirika ya ndege, nayo yalinunua kama anavyonunua mtu asiyeitumia bidhaa mwenyewe: ile ya bei ya chini kuliko zote. Wakaguzi wengi walianza kwa dola 6 kwa saa au pungufu, na kwenye baadhi ya viwanja muuza chipsi wa ndani ya jengo alilipwa zaidi ya mtu wa kutafuta mabomu.

Matokeo yake yalihesabiwa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliangalia viwanja 19 vikubwa kati ya Mei 1998 na Aprili 1999, ikakuta wakaguzi walioacha kazi kwa mwaka ni wastani wa asilimia 126. St. Louis ilifika asilimia 416, maana yake kiti kimoja kilikaliwa na watu wanne kwa mwaka, na wa tano akiwa mlangoni. Mwaka 2000 kampuni moja kubwa ilikiri mahakamani kwamba kule Philadelphia iliajiri watu bila kuchunguza rekodi zao na ikaghushi karatasi za mafunzo. Rahisi ikawa ghali.

Sheria ya tarehe 19 Novemba 2001 iliwaondoa wale wa mashirika ya ndege na kuipa serikali mwaka mmoja kuweka watu wake. Viwanja vitano viliachiwa kampuni kwa majaribio: San Francisco, Kansas City, Rochester, Jackson Hole na Tupelo wa Mississippi. Kuanzia Novemba 2004 viwanja vingine viliruhusiwa kuomba. Januari 2011 mkuu wa TSA wakati huo, John Pistole, aliufunga mlango. Februari 2012 Bunge likaufungua tena kwa sheria.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Mtu akikuambia kampuni binafsi ndizo zilizowaacha watekaji wapite mwaka 2001, kumbuka kwamba bidhaa ile haiuzwi tena. Inayouzwa leo ni nyingine.

Unachonunua leo

Siku hizi uwanja haununui mkaguzi. Uwanja unaomba tu. TSA ndiyo inayochagua kampuni, inayoilipa, inayoweka mashine, inayotunga masharti na inayosimamia kazi. Chupa ya mafuta ya nazi inayozidi mililita 100 itatupwa San Francisco kama itakavyotupwa Houston. Hata sare zinakaribiana. Wasafiri wengi hupita pale bila kujua kwamba aliyewapekua ni mtu wa kampuni.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa hoja hawalitangazi: sheria inaikataza kampuni kuwalipa wakaguzi wake mshahara na marupurupu yaliyo chini ya yale ya serikali. Kwa hiyo ile njia ya zamani ya kupunguza bei, ya kumkamua mfanyakazi, imezibwa. Kampuni ikitaka faida, inabidi iitafute kwenye kupanga zamu, kuajiri haraka, kutumia watu wa saa chache wakati wa msongamano wa alfajiri, na kuwa na mabosi wachache ofisini.

Basi ni nafuu au si nafuu? Hapa ushike pochi yako vizuri, maana kila upande una kikokotoo chake.

TSA ilipopiga hesabu mara ya kwanza ilisema kampuni zinagharimu asilimia 17 zaidi. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ikauliza: mbona hamkuweka pensheni ya mtumishi wa serikali? Mbona hamkuweka fidia ya wanaoumia kazini, bima, na kodi ya mapato ambayo kampuni inairudishia serikali? TSA ikarudia hesabu mwaka 2011, tofauti ikashuka hadi asilimia 3. Mwaka huohuo watumishi wa kamati moja ya Bunge walilinganisha San Francisco na Los Angeles, wakasema mkaguzi wa kampuni anahudumia abiria asilimia 65 zaidi ya yule wa serikali. Soma kwa tahadhari: majengo ya viwanja hivyo viwili hayafanani, na kamati ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa tayari na msimamo.

Maoni yangu ni kwamba tofauti halisi ya gharama ni ndogo, na kwa vyovyote haifiki mfukoni mwako. Kampuni ikiokoa asilimia 3, fedha hizo zinabaki Washington. Kampuni ikizidisha asilimia 3, Washington ndiyo inayolipa. Wewe ni dola 5.60.

Na hata hizo 5.60 haziendi zote kwa mkaguzi. Ada ilipandishwa Julai 2014. Kabla ya hapo ilikuwa dola 2.50 kila unapopanda ndege, isizidi 5 kwa safari ya upande mmoja. Bunge lilipoipandisha liliamuru sehemu ya makusanyo iende kuziba pengo la bajeti ya nchi. Kila ukilipia ukaguzi, unachangia pia kuziba pengo hilo, na hakuna risiti inayokuambia hivyo.

Kampuni si lazima iwe rahisi

Anayeamini kwamba neno "binafsi" lina maana ya "nafuu" avuke mpaka aende Canada. Huko wakaguzi wote wa abiria ni wa kampuni, chini ya shirika la umma linalotoa zabuni tangu 2002. Mei 2024 ada ya usalama ya Canada ilipanda kwa karibu theluthi moja. Safari ya ndani ya upande mmoja sasa ni dola za Canada 9.94. Ukitoka Toronto kwenda Nairobi au Dar es Salaam ni 34.42.

Haki isemwe: Marekani inaonekana rahisi kwa sababu sehemu kubwa ya gharama hulipwa na mlipa kodi, wakati Canada inamwachia msafiri mzigo karibu wote. Lakini kwako unayetafuta tiketi wiki hii, tofauti ni kubwa. Ndugu wa Windsor au Vancouver wanaoishi jirani na mpaka walinganishe nauli za pande zote mbili wakiwa na ada ndani yake, halafu waongeze basi, maegesho na usumbufu wa visa. Kwa mtu mmoja akiba ya ada peke yake hailipi hata teksi. Kwa watu sita, piga hesabu.

Ujerumani nayo hutumia wakaguzi wa kampuni, na sheria inaruhusu ada ya hadi yuro 15 kwa abiria tangu Januari 2025. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa 10. Kwa hiyo ukiambiwa bei itashuka siku kampuni zikipewa kazi, omba uoneshwe nchi ambako imeshuka.

Uimara: nani anaona kisu?

Bidhaa hii ina kazi moja, kukamata kitu kibaya. Mwaka 2007 gazeti moja kubwa la Marekani lilichapisha matokeo ya majaribio ya siri: Los Angeles, wakaguzi wa serikali, walikosa asilimia 75 ya vipande vya mabomu bandia; Chicago O'Hare, wa serikali pia, asilimia 60; San Francisco, wa kampuni, asilimia 20. Wapenzi wa kampuni wameyanukuu matokeo hayo tangu siku ile.

Wasichonukuu ni ripoti ya mkaguzi mkuu wa wizara ya usalama wa ndani ya mwaka 2006. Iligundua kwamba huko huko San Francisco, kati ya Agosti 2003 na Mei 2004, watu wa kampuni na hata maofisa wa TSA waliwatonya wakaguzi pale wajaribu wa siri walipoingia jengoni. Majaribio ya 2007 ni mengine, sawa. Ila fundi aliyewahi kuonyeshwa mtihani mapema, alama zake husomwa kwa jicho la pili.

Upande wa serikali hauna cha kujivunia pia. Mwaka 2015 ilivuja habari kwamba wajaribu wa siri walipitisha silaha na mabomu bandia mara 67 kati ya 70. Kaimu mkuu wa TSA akahamishwa kazi.

Kwa hiyo usichague uwanja kwa kuamini kwamba upande mmoja una macho zaidi. Mashine ni zile zile, mafunzo ni yale yale, na uchovu wa saa ya nane ya zamu hauulizi nani analipa mshahara.

Siku serikali ikifungwa

Hapa kampuni inashinda, na ushindi wake unaweza kupimwa kwa saa.

Bunge la Marekani likishindwa kupitisha bajeti, shughuli za serikali hufungwa. Wakaguzi wa TSA huamriwa kuendelea na kazi bila mshahara, watalipwa baadaye. Kodi ya nyumba haisubiri baadaye. Kati ya Desemba 22, 2018 na Januari 25, 2019 walikaa siku 35 hivyo. Kufikia Januari 20, mkaguzi mmoja kati ya kumi hakutokea kazini. Miami walifunga sehemu ya jengo mapema kwa kukosa watu. San Francisco na Kansas City foleni ziliendelea kama kawaida, kwa sababu fedha za mikataba ya kampuni zilikuwa zimeshatengwa na wafanyakazi wao walipokea mishahara.

Jambo hilo likajirudia kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025. Siku 43.

Lakini usishangilie mapema. Waongoza ndege ni watumishi wa serikali kila mahali. Novemba 2025 mamlaka ya anga iliagiza safari zipunguzwe kwenye viwanja 40 vikubwa, San Francisco ukiwemo. Unaweza kupita kwa mkaguzi wa kampuni kwa dakika kumi kisha ukasubiri ndege iliyofutwa. Na mkataba nao una mfuko wenye mwisho. Serikali ikifungwa muda mrefu kupita kiasi, fedha hizo nazo hukauka.

Ushauri wangu: kama una safari ya lazima (msiba, harusi, miadi ya ubalozi) na habari zinasema bajeti imekwama, na unaishi mahali penye viwanja viwili vya karibu, basi uwanja wa kampuni unastahili hadi dola 30 za ziada. Si zaidi. San Francisco badala ya Oakland, Sarasota badala ya Tampa, Orlando Sanford badala ya Orlando wenyewe. Siku za kawaida, chagua nauli iliyo chini.

Wala kampuni hazina kinga dhidi ya migomo, tofauti na watumishi wa serikali ya Marekani ambao kisheria hawaruhusiwi kugoma. Ujerumani, Februari 1, 2024, wakaguzi wa kampuni waligoma kwenye viwanja 11 kwa siku moja. Amsterdam, majira ya joto ya 2022, kampuni zilikosa watu baada ya janga la korona, foleni zikatoka nje ya jengo, uwanja ukalazimika kuweka kikomo cha abiria na kukubali nyongeza ya yuro 5.25 kwa saa ili watu warudi kazini. Wengi wetu hupitia Frankfurt na Amsterdam kwenda nyumbani Afrika. Ukiona kuna mgomo unanukia, tiketi inayopitia Addis Ababa, Doha au Istanbul inaweza kukuokoa hata kama ni ghali kidogo.

Begi likivunjwa

Tofauti hii hakuna anayekutajia, na ndiyo inayowachosha watu.

Kufuli limekatwa, chupa ya asali imepasuka juu ya nguo, simu ya zawadi haimo. Ukiwa umekaguliwa kwenye uwanja wa serikali, unajaza fomu ya madai ya TSA. Una miaka miwili tangu tukio, na wao wanaweza kuchukua hadi miezi sita kukujibu. Polepole, lakini njia ni moja kwa nchi nzima na haina malipo.

Kwenye uwanja wa kampuni, TSA itakurudisha kwa kampuni yenyewe. Unaidai kampuni, kwa utaratibu wake na bima yake. Inaweza kuwa haraka zaidi. Inaweza pia kuwa barua pepe tatu za "tunafanyia kazi". Kisha kuna shirika la ndege, ambalo litasema begi lilivunjwa kwa mkaguzi, na mkaguzi atasema lilivunjwa kwa wapakiaji.

Kinga yake haina gharama kubwa. Piga picha begi likiwa wazi na likiwa limefungwa kabla ya kulikabidhi. Weka risiti za vitu vya thamani kwenye simu. Tumia kufuli lenye alama ya kufunguliwa na TSA, la dola chache sokoni, kwa sababu kufuli la chuma zito litakatwa tu. Simu, kompyuta, dhahabu na fedha taslimu visiingie begi kubwa, iwe ukaguzi ni wa nani.

Njia za kupita haraka: nini kinalipa?

Baada ya foleni kuchosha watu, biashara ya tatu imezaliwa: kukuuzia foleni fupi. Ziko aina tatu, na zinafanya kazi kwenye viwanja vya pande zote mbili.

Ya kwanza ni ya TSA, PreCheck. Ni kati ya dola 76.75 na 85 kwa miaka mitano, kutegemea ofisi unayojiandikishia. Kurudia ni nafuu zaidi. Hiyo ni kama dola 15 hadi 17 kwa mwaka. Unabaki na mkanda na koti jepesi, kompyuta na vimiminika vinabaki ndani ya begi. Watoto wa miaka 12 kushuka chini hupita na mzazi bila kulipiwa.

Thamani yake imepungua, na wauzaji hawakukuambia: tangu Julai 2025 abiria wote wa Marekani hawavui viatu tena. Sehemu kubwa ya ulichokuwa ukikilipia sasa ni bure. Mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka aiache. Anayesafiri kila mwezi ainunue leo.

Ya pili ni Global Entry ya watu wa forodha na mipaka, dola 120 kwa miaka mitano tangu Oktoba 2024. Ndani yake PreCheck imo, na zaidi inakupitisha haraka uhamiaji ukirudi kutoka Nairobi au Zanzibar. Watoto chini ya miaka 18 ni bure mzazi akiwa mwanachama au anaomba. Kwa anayekwenda nyumbani kila mwaka, hii ndiyo ya kununua: tofauti ni kama dola 35 hadi 43 tu kwa miaka mitano. Usaili wake unaweza kufanyika unapotua kutoka nje, ukaokoa safari ya ofisini.

Ya tatu ni ya kampuni binafsi inayosoma macho na vidole, karibu dola 200 kwa mwaka. Miaka mitano ni kama dola 1,000. Inakuwezesha kuruka foleni ya kitambulisho peke yake. Mkanda na eksrei vinakusubiri mbele kama kawaida. Kwa bei hiyo, mtu wa kipato cha kawaida apite mbali. Afadhali uamke nusu saa mapema.

Masharti yaliyofichika ni haya. Ada hizi hazirudishwi ukikataliwa. PreCheck na Global Entry ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu, na wageni wa nchi chache zilizokubaliana na Marekani. Mwenye hifadhi ambaye bado anasubiri grinikadi asipoteze fedha zake. Shirika lako la ndege liwe limo kwenye mpango, na si yote ya nje yamo. Na jina: sisi wenye majina matatu, tiketi ikiandikwa mawili na usajili matatu, alama ya PreCheck haitatokea na utapanga foleni ndefu na dola 85 zako mfukoni mwa mtu mwingine. Ingiza namba yako ya usajili kila unapokata tiketi. Kadi za benki zinazojigamba kwamba zinakurudishia ada hizo, tazama kwanza zinatoza kiasi gani kwa mwaka.

Ada mbili za kukwepa

Tangu Februari 1, 2026, anayefika kwa mkaguzi bila kitambulisho kinachokubalika, yaani akiwa na leseni ya jimbo isiyo na alama ya nyota bila kingine chochote, anatozwa dola 45 kuthibitishwa, na malipo hayo yanadumu siku 10 tu. Safari ndefu, unalipa tena kurudi. Pasipoti ya Kenya, Tanzania, Kongo au nchi nyingine inakubalika, na kadi ya kibali cha kazi pia. Ichukue.

Nyingine ni tiketi zilizokatwa vipande. Ukikata tiketi moja kutoka Omaha kupitia New York hadi Dar es Salaam, na ukaunganisha ndege ndani ya saa 12, ada ya usalama ni moja, dola 5.60. Ukikata Omaha hadi New York kivyake na New York hadi Dar kivyake, unalipa mara mbili, na mabegi unayabeba mwenyewe kuyakabidhi upya. Kwa safari za ndani kikomo cha kusubiri ni saa nne. Punguzo la tiketi vipande likiwa chini ya dola 40, mara nyingi si punguzo.

Kwa anayetafuta kazi

Kuna msomaji ambaye swali lake ni la upande wa pili wa mkanda: niombe kazi kwa kampuni au kwa serikali? Kwanza, kote huko sheria inataka raia wa Marekani; ukaazi wa kudumu hautoshi, na mwaka 2001 na 2002 mamia ya wakaguzi wahamiaji wa San Francisco, wengi wao Wafilipino, walipoteza kazi kwa sharti hilo. Mshahara wa kuanzia unakaribiana kwa sababu ya ile sheria niliyoitaja. Serikali ilipandisha mishahara kwa kiasi kikubwa Julai 2023, na kampuni zikalazimika kufuata.

Serikali inatoa pensheni na bima ya afya iliyo imara, ila inaweza kukuweka siku 43 bila mshahara. Kampuni inakulipa serikali ikifungwa, ila mkataba wake una tarehe ya mwisho. Ukiitwa kwenye usaili wa kampuni, uliza mambo matatu kabla ya kusaini: mchango wao kwenye mfuko wa kustaafu ni asilimia ngapi, bima ya afya inaanza kwa mfanyakazi wa saa ngapi kwa wiki, na zabuni ikienda kwa kampuni nyingine, miaka yako ya kazi inahesabiwa au unaanza upya.